Sura ya Sita: Kwani Hii Kazi Inalipa?

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tatu na nusu usiku, mvua imeanza kunyesha Mwenge. Nje ya Mlimani City watu wamejibana chini ya paa, kila mmoja ameinamia simu yake, na Toyota IST zimejipanga pembeni taa za hatari zikiwaka. Dada mmoja anafungua mlango wa nyuma, anakung'uta mwavuli, anasalimia, anataja jina lake ili ahakikishe yuko kwenye gari lake. Anakwenda Goba. Gari linaingia barabara ya Sam Nujoma na foleni inawapokea. Baada ya dakika kumi za kimya anauliza swali ambalo dereva amekwisha kulisikia mara mbili tangu asubuhi.

"Samahani kaka, hivi hii kazi inalipa?"

Dereva anacheka. "Inategemea dada, unaniuliza usiku au unaniuliza asubuhi."

Hakusema fumbo. Usiku pesa iko mfukoni, noti zimekunjwa na salio la simu limenona. Asubuhi ataweka mafuta, atamtumia mwenye gari chake, atanunua bando, na kitakachosalia ndicho mshahara. Kisha kuna gharama ya tatu isiyoonekana usiku wala asubuhi. Hiyo hujitokeza miezi mingi baadaye, gari likiwa juu ya jeki na fundi akitingisha kichwa.

Abiria huuliza ili kupitisha foleni. Lakini swali hilo hilo analo kijana aliyemaliza chuo na hajapata ajira, mfanyakazi aliyepunguzwa kazini, mstaafu anayekitazama kiinua mgongo chake, na shemeji anayetaka kununua gari "limwingizie kidogo". Sura hii imeandikwa kwa ajili yao, na itafuata nyakati zote tatu: usiku, asubuhi, na siku ya fundi.

Maneno ya kazi

Kabla ya kufika kwenye fedha, kuna maneno sita ambayo hayakwepeki.

- Teksi mtandao: gari la abiria linaloitwa kwa programu ya simu badala ya kufuatwa kijiweni.
- Rikwesti: ombi la abiria linalolia kwenye simu ya dereva. Ana sekunde chache tu za kulikubali.
- Kamisheni: sehemu ya nauli inayochukuliwa na kampuni yenye programu.
- Hesabu: kiasi ambacho dereva asiye na gari humpelekea mwenye gari kila siku au kila wiki, awe amepata au amekosa.
- Gari la mkataba: gari ambalo dereva hulipia kidogo kidogo kwa muda waliokubaliana, kisha kadi inabadilishwa jina likawa lake.
- Kufungiwa: kuzimwa akaunti na kampuni, kwa siku kadhaa au moja kwa moja.

Walikuja na zawadi

Uber, kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2009, ilifika Nairobi Januari 2015 na Dar es Salaam Juni 2016. Nyuma yake ikaja Taxify ya Estonia, ambayo mwaka 2019 ilibadili jina ikawa Bolt. Wakenya nao wakatoa ya kwao, Little, iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2016 na kampuni ya Craft Silicon ikishirikiana na Safaricom. Baadaye ikaingia inDrive, iliyozaliwa Yakutsk, mji wa Siberia wenye baridi ya kutisha. Humo nauli haipangwi na mfumo. Abiria anataja bei yake, dereva anapandisha, wanapatana kama wanunuzi wa vitenge Kariakoo.

Mwanzoni kampuni hizi zilikuwa na mkono wa kutoa. Zilihitaji magari barabarani haraka, hivyo madereva walipewa bonasi na abiria wakapewa safari za bure. Dereva aliyejiunga mapema aliona fedha ambazo kijiwe hakikuwahi kumwonyesha. Habari zikasambaa, watu wakakopa, magari yakaagizwa.

Kisha bei zikashuka. Nairobi ndiyo iliyoonja mapema: Julai 2016 nauli ya Uber ya kilomita moja ilishushwa kutoka shilingi 60 za Kenya hadi 35. Abiria walifurahi. Dereva aliyekopa gari kwa kukadiria shilingi 60 alibaki na rejesho lile lile la benki. Mwaka 2018 ukaja mpango wa vigari vidogo vya Suzuki Alto kwa bei ya chini zaidi, na Julai mwaka huo huo madereva wakagoma kwa siku kadhaa.

Anayesikia leo simulizi za jirani aliyejenga nyumba kwa kazi hii aulize jambo moja kabla ya kukimbilia mkopo: huyo jirani alianza mwaka gani?

Kinachowavuta

Pamoja na hayo yote, wanaoingia bado ni wengi, na hawaingii kwa ujinga.

Kwanza, mlango uko wazi. Teksi ya kijiweni ilikuwa na wenyewe. Mgeni hakuegesha gari lake pale stendi akaanza kubeba watu. Ilibidi apokelewe, alipe kiingilio, asubiri zamu yake nyuma ya wazee wa kijiwe. Programu haina wazee. Inataka leseni ya kubeba abiria, gari lenye bima na vibali, picha na vitambulisho. Anayetimiza hayo anaanza kupata rikwesti bila kumjua mtu.

Pili, pesa ni ya leo. Mwalimu husubiri mwisho wa mwezi na mkulima husubiri mavuno. Dereva akiamka na mtoto mgonjwa, kufikia saa nne asubuhi anaweza kuwa na ya dawa. Uber ilipoanza ilikuwa ya kadi za benki tu, lakini mwaka 2015 Nairobi ikawa miongoni mwa miji ya kwanza duniani ambako ilikubali kulipwa taslimu, kwa sababu huko wengi hawakuwa na kadi hizo. Uamuzi huo ulilifungua soko kwa abiria na dereva pia.

Tatu, saa ni zake. Karani anaendesha saa mbili baada ya kazi, mwanafunzi anaendesha Jumamosi, mwenye duka anapokea rikwesti akielekea kuchukua mzigo. Hawa wa muda ndio mara nyingi huwa na tabasamu, na sababu yake itaonekana tukifungua daftari.

Nne, kuna kumbukumbu. Nauli haina ubishi wa "tulipatana ngapi". Programu inahifadhi jina la dereva, namba ya gari na njia iliyopitwa. Mzazi anafuatilia safari ya binti yake akiwa sebuleni, na dereva aliyesingiziwa kuwa alizungusha njia ana ramani ya kujitetea.

*Kwa ufupi: kuingia ni rahisi, pesa inaonekana siku hiyo hiyo, ratiba ni ya dereva, na safari ina ushahidi.*

Daftari la siku moja

Tuchukue dereva wa mfano. Anaendesha IST isiyo yake jijini Dar es Salaam kwa saa 12, anapata safari 12, wastani wa shilingi 8,000 kila moja. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, kila dereva aweke za kwake. Muhimu ni mpangilio.

- Nauli zote: 96,000
- Kamisheni ya asilimia 25: toa 24,000, zinabaki 72,000
- Mafuta, lita 10 kwa shilingi 3,000: toa 30,000, zinabaki 42,000
- Chakula, bando, maegesho na kuosha gari: toa 7,000, zinabaki 35,000
- Hesabu ya mwenye gari: toa 25,000, zinabaki 10,000

Abiria wa Goba akiona 96,000 atasema kazi inalipa. Dereva anaona 10,000, chini kidogo ya shilingi 850 kwa saa. Wote wawili wanasoma siku ile ile. Tofauti ni ukurasa.

Daftari hili linaonyesha pia jambo lisiloonekana kwa macho: hesabu na mafuta ya kwanza havisubiri bahati. Hata siku ya safari nne, mwenye gari anataka 25,000 zake. Ndiyo maana siku mbaya kwa dereva wa hesabu inaweza kumwacha na pengo, akaamka kesho yake akifanya kazi ya jana. Na ndiyo maana dereva wa muda ana raha: gari ni lake, mshahara wake uko kwingine, na siku yenye mvua na foleni anazima programu akalala.

Kilomita zisizo na abiria

Gari la mfano wetu lilitembea kilomita 130 siku hiyo. Zenye abiria ndani zilikuwa 80. Zile 50 nyingine zilikuwa za kumfuata abiria, kurudi mjini, na kuhama kutoka mtaa uliolala kwenda mtaa ulioamka. Hizo hazilipwi na mtu, lakini zinakula mafuta, matairi na brekipedi sawasawa na zenye nauli.

Kwa siku 26 za mwezi, gari hilo linatembea zaidi ya kilomita 40,000 kwa mwaka, sawa na kuizunguka dunia mara moja. Kati ya hizo, 15,600 ni tupu. Ni kama kwenda na kurudi Mwanza karibu mara saba, kiti cha nyuma kikiwa wazi.

Hapo ndipo inapoeleweka ile simu inayowaudhi abiria wengi wa Dar es Salaam. Umeita gari, dereva amekubali, kisha anapiga: "Dada, unaelekea wapi? Unalipa cash?" Abiria anajiuliza kwa nini amuulize wakati kila kitu kiko kwenye programu.

Kwa muda mrefu programu nyingi zilimficha dereva mwisho wa safari hadi abiria apande, ili asichague. Lakini Chanika saa nne usiku siyo sawa na Sinza saa nne usiku. Sinza atapata mwingine palepale. Chanika atarudi tupu, na nauli iliyoonekana nono itakuwa imelipia mafuta ya kurudi. Anayekwenda Kigamboni kwa daraja la Nyerere ana tozo ya kufikiria pia.

Swali la taslimu nalo lina mizizi kwenye tangi. Safari ikilipwa kwa kadi, fedha hupita kwanza kwa kampuni, ambayo hukata kamisheni na kumlipa dereva baadaye. Ikilipwa taslimu, dereva anashika noti zote na kamisheni inaandikwa kuwa deni lake. Mtu ambaye taa ya mafuta imewaka hawezi kusubiri malipo ya wiki. Atachagua noti leo na deni kesho, hata akijua deni likirundikana programu itamzuia kupokea rikwesti mpaka alipe.

Kuuliza huko kunabaki kuwa kero kwa abiria, na kampuni nazo hazipendi. Abiria anaghairi, anampa nyota moja, na dereva naye analalamika kuwa abiria wa siku hizi hawana subira.

Wengine wametafuta nafuu kwenye gesi. Tanzania inachimba gesi asilia yake yenyewe Songosongo na Mnazi Bay, na madereva wengi wa Dar es Salaam wamefunga mitungi kwenye magari yao kwa sababu gesi inapunguza gharama ya kilomita kwa kiasi kikubwa. Gharama zake ni tatu. Kufunga mfumo kunagharimu fedha ambazo dereva wa hesabu hana. Mtungi unakaa kwenye buti, hivyo abiria wa uwanja wa ndege mwenye masanduku mawili anashangaa. Na vituo vimekuwa vichache kuliko magari, kiasi kwamba aliyeokoa mafuta anaweza kulipia kwa kulala kwenye foleni ya gesi, simu ikiwa imezimwa, rikwesti zikimpita.

Gari la nani?

Watu husema "dereva wa mtandao" kana kwamba ni kazi moja. Ni tatu.

*Dereva wa hesabu* hana gari wala deni la gari. Injini ikifa, kwa kawaida ni mzigo wa mwenye mali. Kwa upande mwingine hajengi chochote. Miaka mitatu ikipita atakuwa na leseni, uzoefu na mgongo unaouma.

*Dereva wa mkataba* anafanya kazi akiona gari likija mikononi mwake. Tuseme analipa 30,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 24. Jumla ni 18,720,000. Kwa mikataba mingi matengenezo ni yake pia. Rudi kwenye daftari la mfano: badala ya kubakiwa na 10,000 atabakiwa na 5,000, na bado hajabadilisha oili. Familia haiishi kwa hiyo, hivyo anaongeza saa. Kutoka 12 zinakuwa 15, kisha 17. Siku anapokabidhiwa kadi ya gari, gari limeongezewa zaidi ya kilomita 80,000, na mara nyingi ndipo gia inapoanza kugoma.

*Dereva mmiliki* ndiye anayeonekana kufaidi. Kwenye daftari letu anabakiwa na 35,000. Tatizo lake ni kwamba anazila zote. Hapa ndipo linapoingia neno ambalo wahasibu hulijua na madereva hulijua wakiwa wamechelewa: uchakavu, yaani thamani ambayo gari linapoteza kwa kutembea. Gari lililonunuliwa kwa milioni 14 halibaki la milioni 14 kwa kuwa linang'aa.

Njia nyepesi ya kuukamata uchakavu ni kuweka kando kiasi fulani kwa kila kilomita, zenye abiria na zisizo na abiria. Akitenga shilingi 100 kwa kilomita, siku ya kilomita 130 inadai 13,000. Hizo ndizo zitakazolipa oili inayomwagwa kila baada ya wiki sita hivi, matairi manne, shokapu zilizouawa na matuta, bima, na sehemu ya gari lijalo. Kinachobaki, 22,000, ndicho mshahara wa kweli. Asipotenga, ataishi vizuri kwa miaka miwili akidhani anapata 35,000, huku akilila gari lake kipande kwa kipande.

*Kwa ufupi: wa hesabu anauza saa zake, wa mkataba anauza usingizi wake, na mmiliki asiye na akiba anauza gari lake polepole bila kujua.*

Asilimia kumi

Tazama tena mstari wa kamisheni: 24,000. Kama ingekuwa asilimia 15, ingekuwa 14,400. Tofauti ni 9,600, karibu sawa na 10,000 ambazo dereva wa hesabu alipeleka nyumbani. Kwa abiria asilimia kumi ni tarakimu ya kupita. Kwa dereva ni mshahara mwingine.

Ndiyo maana mwaka 2022 ulikuwa wa moto. Machi mwaka huo, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, ilitangaza viwango vipya vya nauli na kuweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15. Madereva walikuwa wamelilia punguzo hilo. Katikati ya Aprili Uber ikasimamisha huduma nchini, ikisema haiwezi kuendesha biashara kwa masharti hayo. Agosti, Bolt nayo ikapunguza huduma zake na kubaki na wateja wa makampuni. Madereva waliopata walichokiomba wakajikuta simu zao zimepoa.

Mwisho wa mwaka ukomo ulirekebishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 Uber ikarejea.

Kenya nayo ilitunga kanuni zake mwaka 2022 na kuweka ukomo wa asilimia 18. Haikumaliza ugomvi, kwa kuwa kamisheni ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni bei ya kilomita yenyewe. Mwaka 2024 madereva wengi wa Nairobi walichapisha majedwali yao ya nauli na kuyabandika ndani ya magari. Abiria alipopanda aliombwa alipe cha kwenye karatasi, siyo cha kwenye programu. Wapo waliolipa wakiwaonea huruma, wapo walioshuka.

Somo la vita hivyo kwa anayetaka kuingia ni la kiutendaji tu: mistari miwili ya kwanza ya daftari lake, nauli na kamisheni, inaandikwa na watu asiowajua, na inaweza kubadilika akiwa katikati ya rejesho.

Bosi asiye na ofisi

Mikataba ya kampuni hizi humwita dereva mshirika aliyejiajiri. Maana yake ni kwamba hana likizo ya malipo, hana siku za kuumwa, na gari likigongwa hakuna mwajiri wa kumpigia. Hata hivyo mshirika huyu hapangi nauli, isipokuwa kwenye programu za kupatana bei, na anaweza kufungiwa na mfumo.

Kufungiwa ndiko wanakokuogopa kuliko trafiki. Abiria hupiga kura ya nyota, moja hadi tano, na wastani ukishuka sana akaunti hutiliwa shaka. Aliyelewa akampa nyota moja kwa sababu dirisha lilikuwa wazi hatakumbuka asubuhi. Dereva ataandika malalamiko kwenye programu, ajibiwe kwa ujumbe ulioandaliwa, aandike tena. Siku mbili zikipita hesabu inadaiwa mara mbili. Kutokana na hofu hii umezuka mtindo wa kukodi akaunti ya mtu mwingine, jambo lililo hatari kwa wote: abiria anamwona kwenye picha mtu mmoja na kwenye usukani mwingine.

Je, ni mshirika kweli au ni mfanyakazi aliyevalishwa jina? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza, na Februari 2021 ikaamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wanaostahili kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Marekani, jimbo la Minnesota, ambako wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki, hasa Wasomali, wanaendesha magari haya, lilipitisha mwaka 2024 sheria ya malipo ya chini kwa maili na kwa dakika. Kwetu, ulinzi wa uzeeni dereva hujitafutia mwenyewe. NSSF ya Tanzania huwapokea waliojiajiri, na ile ya Kenya ina mpango wa Haba Haba ulioanza kwa shilingi 25 kwa siku. Shilingi 25 za Kenya ni chini ya bei ya soda, lakini ni lazima zitolewe kabla ya mafuta, siyo baada.

Mwili na usiku

Kuna gharama ambazo daftari halizioni kabisa. Saa 12 za kukaa zinakusanyika kiunoni. Vyoo ni vya sheli, na sheli nyingine zinataka ununue mafuta kwanza, hivyo wengi hujizuia kunywa maji ndani ya gari lenye joto la Februari. Chakula ni chipsi kavu kwa kuwa zinaliwa kwa mkono mmoja. Alfajiri utawaona nje ya vituo vya mafuta, viti vimelazwa, kitambaa usoni, simu kifuani isije ikalia wasisikie.

Usiku ndio wenye nauli nzuri, na ndio wenye hofu. Tanzania laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, jambo linalosaidia, ila anayeita gari siyo lazima awe ndiye anayepanda. Mtu anamwitia rafiki, rafiki anakuja na wenzake wawili, na mwisho wa safari unabadilika wakiwa njiani. Madereva wamejitengenezea kinga zao: makundi ya WhatsApp ambamo mwenzao anatuma mahali alipo akishuku abiria, neno la siri la kupiga simu, na kanuni ya kutoingia kichochoro kisicho na taa hata ramani ikisema ni mita 200 tu.

Wanawake walio kwenye usukani ni wachache, na wengi wao huchagua kazi za mchana kwa sababu hizo hizo, wakiacha saa zenye bei ya juu.

Maswali saba kabla ya kuwasha programu

1. Gari ni la nani, na likiharibika atalipa nani? Jibu liwe kwenye karatasi iliyosainiwa.
2. Hesabu inadaiwa siku ngapi kwa wiki? Je, siku ya gereji na siku ya msiba inadaiwa pia?
3. Gari linakula lita moja kwa kilomita ngapi za foleni, siyo za barabara kuu?
4. Bima ni ndogo au kubwa, na inataja kuwa gari linabeba abiria kwa malipo? Gari la biashara lenye bima ya matumizi binafsi ni gari lisilo na bima.
5. Kamisheni ya leo ni asilimia ngapi, na nikiongeza pointi tano bado nitalipa rejesho?
6. Nimeendesha na dereva mzoefu kwa wiki nzima, nikaandika mapato, mafuta na kilomita?
7. Nikifungiwa kesho, nina ya kula ya wiki mbili?

Anayejibu vizuri la kwanza, la sita na la saba ana nafasi nzuri kuliko wengi walio barabarani. Kwa mwenye gari lililokwisha lipiwa na kazi nyingine pembeni, programu ni nyongeza ya maana. Kwa anayekopa gari ili programu ilipe mkopo, kila kitu lazima kiende sawa kwa miaka miwili mfululizo: nauli, kamisheni, bei ya petroli, injini na afya yake.

Goba

Wanapofika, lami imekwisha kitambo. Gari linapita taratibu kwenye tope, tumbo likikwaruza, mpaka kwenye geti la bluu. Simu inasema 11,500. Dada anatoa noti mbili, ya elfu kumi na ya elfu mbili.

"Chenji baki nayo, kaka. Ila hukunijibu, inalipa?"

"Nikifika mjini bila kurudi tupu, leo imelipa."

Anasubiri geti lifunguliwe na dada aingie, kisha anawasha taa ya ndani. Kwenye mfuko wa mlango ana daftari la kaunta lenye safu mbili. Upande wa kushoto anaandika 12,000. Upande wa kulia anasoma namba za dashibodi, anaandika kilomita alizotoka nazo Mlimani City na alizofika nazo hapa, anatoa, anaacha nafasi wazi chini yake kwa zile za kurudi. Mvua imepungua. Programu inaonyesha Goba nzima haina mtu anayetafuta gari.

Anazima taa, anageuza gari kwa kurudi nyuma mara tatu kwenye kichochoro chembamba, na kuelekea Makongo simu ikiwa juu ya dashibodi, kioo kikiangaza kimya.